Mnyororo wa Mlango wa Nyuma

Buguruni, Dar es Salaam
6 Agosti 2023

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, miguu haikusumbui na masikio hayajazidi kuwa mabaya. Mimi sijambo. Chumba ninacholala na Badria, mpishi mwenzangu, kina joto lakini hakivuji, na watu wa Buguruni wananiita Mmakua bila ubaya. Namkabidhi barua hii kondakta wa basi la Masasi, maana simu yako najua ni ya tochi tu.

Kazi ya kupika kantini ya chuo nimeanza, asante kwako. Mzee Awadhi alinipokea kama mtoto wake. Aliniambia mbele ya wapishi wote, "Huyu ni mpwa wa Ignasi. Ignasi kanipa neno lake kwamba hatonisumbua." Nikacheka, nikaona fahari. Chuo chenyewe kiko katikati ya Kariakoo, ghorofa limebanwa na maduka ya vitenge na vyombo, na kufika getini unapishana na mikokoteni na meza za wamachinga mpaka bega linauma. Chini uwani kuna jiko la kantini, zuri, lina madirisha makubwa na mitungi ya gesi imekaa nje kwenye kibanda chake. Hapo sina neno.

Ninachotaka kukwambia ni ukumbi. Uko ghorofa ya tatu, hukodishwa kwa shughuli za wanafunzi, mahafali, hata harusi. Nyuma ya jukwaa kuna chumba kidogo. Ukutani pamebandikwa kibao, KUPIKA NI MARUFUKU, na chini ya kibao hicho hicho ndipo tunapopika. Mzee Awadhi anasema watu wanataka chakula cha moto, na kukipandisha kutoka chini kinafika kimepoa. Basi tunapandisha majiko. Mitungi tunaingiza ndani pia, kwa kuwa ikibaki nje haimalizi saa, wezi wameshaipitia.

Chumba hicho kina madirisha mawili, yote yana nondo. Kina mlango wa nyuma unaoshukia ngazi za upande wa maduka. Mlango huo una mnyororo na kufuli kubwa. Nilipouliza, niliambiwa ni kwa ajili ya wazamiaji, wale vijana wa mtaani wanaopanda kimya kimya siku ya shughuli, wanakula pilau ya watu na kuondoka wakijipangusa midomo. Ufunguo anauning'iniza Mzee Awadhi kiunoni.

Mjomba, nikiwa mle ndani majiko yamewaka na mlango umefungwa, kifua kinanibana. Badria ananicheka, anasema nitazoea. Sasa nakuuliza wewe uliyepika seminari miaka yote ile: mimi ni mwoga, au ni kweli?

Mpwa wako mtiifu,
Candida


Masasi
15 Agosti 2023

Mwanangu Candida,

Marahaba. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Masikio ndiyo basi tena. Jana mchungaji wa mbuzi kapiga kelele nyuma yangu mpaka watu wametoka nje, mimi natembea zangu, na mbuzi wote wamenipita. Kwa hiyo endelea kuandika, na uandike herufi kubwa, miwani hii ni ya kuokoteza.

Umeniuliza kama wewe ni mwoga. Ndiyo, ni mwoga, na ulianza ukiwa mdogo. Ulikuwa unalia ukiona kuku anachinjwa, na leo unakula mapaja yote mawili. Mimi nimepika seminari kwenye jiko la kuni lenye dirisha moja, moshi mpaka mapadre wakawa wanatupigia kengele wajue kama tuko hai. Nani alikufa? Hakuna.

Sasa sikiliza. Awadhi si mtu wa kawaida kwangu. Mke wangu alipofariki, mvua ilikuwa inanyesha na watu wamejificha, Awadhi ndiye aliyechimba kaburi. Mwislamu, anachimba kaburi la Mkristo, matope mpaka kiunoni, na hakuondoka Masasi mpaka nilipoweza kula tena. Mtu wa namna hiyo ukimpa neno, umempa. Nilimwambia: mpwa wangu hatokuwa na mdomo. Mama yako hayupo, mimi ndiye niliyesimama kwa ajili yako, na ukimkera yeye umenikera mimi.

Pika. Ukiuona moto umetoka nje ya jiko, kimbia. Usipouona, pika.

Mjomba wako,
Ignasi


Buguruni
17 Septemba 2023

Mjomba,

Shikamoo. Vipi hali, na mbuzi wamerudi? Nimekununulia miwani kwa fundi wa Mtaa wa Kongo, ipo kwenye bahasha ya kaki. Ukiona inakutia kizunguzungu, mpe jirani.

Umesema nikiuona moto umetoka nje ya jiko nikimbie. Nimeuona, na sikuwa na pa kukimbilia.

Ilikuwa shughuli ya kuwaaga wanafunzi wa mwaka wa mwisho, juu ukumbini. Mpira wa gesi wa jiko kubwa umechakaa, na badala ya kubanwa kwa kibano chake umefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Katikati ya kukaanga vitunguu ukachomoka. Moto ukatambaa chini sakafuni, wa bluu, mjomba, unatambaa kama maji yaliyomwagika. Mimi nikarukia mlango wa nyuma. Mnyororo. Nikauvuta kama mwehu na huku najua kabisa hautafunguka. Badria ndiye aliyetumia akili. Alichukua gunia lililolowa, tulilokuwa tumefunikia mboga, akaufunika ule moto, kisha akafunga mtungi. Ukazimika. Yeye nyusi zote zimeondoka.

Upande wa pili wa pazia watu walikuwa wanacheza muziki. Hakuna aliyejua.

Mzee Awadhi alipokuja alimwangalia Badria, akasema, "Afadhali, sasa utachora za wanja, utapata mchumba." Wote wakacheka, na Badria mwenyewe akacheka. Nikamwambia, "Mzee, tufungulie huu mlango siku za kupika." Akanijibu taratibu, hana hasira, "Kwani kuna mtu kafa? Candida, mjomba wako aliniambia nini?" Nikarudi kwenye vitunguu.

Mwezi wa kumi na moja wanafunzi Wahindu wana shughuli yao ya Diwali. Binti mmoja anaitwa Mansi ndiye kiongozi wao. Mama yake, Mama Shobhana, alishuka kuliona jiko la kantini, akakuta sufuria ya nyama ya ng'ombe inachemka. Akarudi nyuma kwa adabu, mkono kifuani. Chakula chao cha sikukuu hakiwezi kupikwa pale, vyombo vile na moto ule vimeshagusa nyama. Wakasema basi watapika wenyewe kwa vyombo vyao kule juu, nyuma ya jukwaa. Karai zima la mafuta kwa ajili ya puri, vile vimkate vyao vya kukaanga, Mjomba, mle ndani. Mzee Awadhi kakubali papo hapo.

Nakuomba kitu kimoja. Niruhusu niondoke. Nitapata kazi kwa mama lishe yeyote hapa sokoni. Lakini siwezi kuondoka na kukuacha wewe unaitwa mtu asiye na neno. Uniruhusu wewe mwenyewe.

Mpwa wako mtiifu,
Candida


Masasi
2 Oktoba 2023

Mwanangu,

Marahaba, na asante kwa miwani. Naona mpaka nywele za mbuzi. Nimegundua pia kwamba jirani yangu amezeeka kuliko nilivyodhani.

Barua yako niliisoma mara mbili na ilinikosesha raha. Nisingependa uungue. Lakini kuondoka, hapana, na huna haja tena, maana mambo nimeyamaliza.

Mungu hakawii. Awadhi alikuja Masasi wiki iliyopita kumzika shangazi yake. Baada ya mazishi nilimkalisha kwangu, nikamwambia kila kitu kama ada yetu inavyotaka. Mtoto hasimami mwenyewe mbele ya mkubwa. Mjomba wake ndiye anayesema. Nilimwambia juu ya mpira wa gesi, nikamwambia juu ya gunia, nikamwambia juu ya mnyororo na kwamba unautetemekea. Kwa kuwa sisikii, alinijibu kwa kichwa. Alitikisa, akanishika mkono, akacheka kile kicheko chake, akala ugali wote. Tumeagana vizuri sana.

Kwa hiyo tulia. Wakubwa wameshaongea.

Mjomba wako,
Ignasi


Buguruni
15 Oktoba 2023

Mjomba,

Shikamoo. U mzima? Mimi mwili mzima.

Umeniuza, Mjomba. Najua hukukusudia, lakini ndivyo ilivyo.

Mzee Awadhi aliporudi alitupanga wapishi wote pale uwani. Akasema, "Mjomba wake huyu kaniita kama mtoto wa shule, kanieleza kwamba mpwa wake haoni usalama. Sawa. Mimi si mtu mbaya. Kuanzia leo Candida ndiye usalama." Akanivalisha kizibao cha rangi ya chungwa, kile cha watu wa barabarani, na filimbi shingoni. Watu wakapiga makofi. Akanipa karatasi nikatia sahihi kwamba mimi ndiye msimamizi wa usalama wa jiko la ukumbini na kwamba nimelikagua liko salama. Nilisema sijalikagua. Akasema, "Si unapika humo kila wiki? Umeshalikagua."

Nikatia sahihi. Wewe ulikuwa umeshaongea naye, ningesema nini?

Kisha nikamwomba ufunguo wa mlango wa nyuma. Akaupiga piga pale kiunoni. "Ufunguo si usalama, mwanangu. Ufunguo ni mali ya chuo."

Basi sasa ninacho kizibao, ninayo filimbi, ninayo sahihi yangu, na mlango umefungwa kama zamani. Usiku nikilala nasikia uzito wa kile kizibao ingawa nimekitundika msumarini. Badria ananiita Afande. Namwambia asiniite, anaendelea.

Nilimfuata Mama Shobhana kwake karibu na mahekalu. Nilivua viatu, nikapewa chai, nikamweleza. Ni mwanamke mwenye sauti ya chini, anakusikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, sisi shida yetu nyama. Uwazi si shida. Tukipika uwani, mbali na jiko lile, kwa vyombo vyetu, mimi sina neno kabisa." Nikataka kumkumbatia. Mzee Awadhi naye kakubali kwa shingo upande, uwani upande wa geti, mvua isiponyesha.

Tuombee mvua isinyeshe.

Mpwa wako mtiifu,
Candida


Masasi
30 Oktoba 2023

Mwanangu Candida,

Marahaba. Sisi wazima.

Neno lile la kuniambia nimekuuza nimelimeza, halijashuka. Nilimwambia jirani kwamba umepewa cheo mjini, nikaona anafurahi, nikafurahi naye. Kisha nikarudi ndani nikaisoma barua tena kwa hii miwani yako mpya, na furaha ikakata.

Usalama ni wewe. Ufunguo ni wake. Mtu anawezaje kuwa mlinzi wa mlango asioweza kuufungua? Nimeliuliza swali hili peke yangu siku nzima, na nimekosa jibu lisilomtia Awadhi ubaya.

Hata hivyo vumilia mpaka Krismasi, uje nyumbani tuzungumze. Siwezi kulivunja neno langu kwa barua, kwa jambo ambalo halijatokea.

Huku mawingu ni mazito. Radio wanasema mvua za mwaka huu zitakuwa kubwa, ananiandikia jirani.

Mjomba wako,
Ignasi


Buguruni
19 Novemba 2023

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nakwambia hilo kwanza.

Mvua ilinyesha. Jumamosi ya Diwali, tarehe kumi na moja, tangu alfajiri, mvua ya kufunga mji. Mtaa ukawa mto, maboksi yanaelea, wamachinga wamebeba meza vichwani na kujibanza kwenye ngazi za maghorofa. Uwani maji yalifika kwenye vifundo. Mzee Awadhi akaagiza majiko yapande juu. Nikamfuata na kile kizibao changu, nikamwambia, "Nipe ufunguo basi, leo tu." Akasema yuko getini anakagua kadi, wazamiaji leo watakuwa wengi kwa sababu ya mvua, nisimchoshe. Akashuka.

Ningeweza kukataa. Nimejiuliza sana. Nilikuwa nimesimama pale na filimbi shingoni, na kinywa kilikataa kufunguka. Nilikuwa nakusikia wewe. Mpwa wangu hatokuwa na mdomo.

Mle ndani tulikuwa mimi, Badria, Mama Shobhana na wamama wawili wa kwao waliokuwa wanasukuma puri. Mitungi ilipangwa mbele ya mlango wa nyuma, hakukuwa na nafasi nyingine. Karai lilikuwa kubwa kuliko jiko, linayumba. Mafuta yalipata moto kupita kiasi yakaanza kutoa moshi, na kabla sijaufikia mtungi yakashika. Nikaita mfuniko. Nilisema, "Mfuniko! Msimwage kitu!" Lakini Badria alishakuwa na gunia mkononi. Gunia lile lile, limelowa mvua linachuruzika. Mwezi wa tisa lilituokoa, angejuaje? Ule ulikuwa moto wa gesi sakafuni. Haya yalikuwa mafuta. Maji yalipogusa mafuta, karai lilitema moto mpaka darini. Alikuwa ameinama juu yake.

Pazia la jukwaa likashika. Njia ya kwenda ukumbini ikawa moto. Nikafunga mitungi yote kwa mkono, kila mmoja, nikamvuta Badria chini, tukajikusanya kwenye mlango wa nyuma. Mama Shobhana alikuwa amemfunika Badria kwa sari yake aliyoikunja, anasali kwa lugha yao. Nikapiga filimbi. Sikuwa na kingine. Niliipiga kwenye ufa wa mlango mpaka nikaona nyota.

Waliokuja si Mzee Awadhi wala zimamoto. Gari la zimamoto lilikwama mtaani, meza na mikokoteni imejaa, maji yamejaa. Waliokuja ni wale vijana waliojibanza ngazi za nyuma kukwepa mvua, wabeba mizigo na wamachinga, wale wale mlango ulifungwa kwa ajili yao. Walivunja bawaba kwa chuma cha mkokoteni. Mmoja alimbeba Badria mgongoni mpaka chini, na aliporudi alikuwa analia.

Wageni wa ukumbini walitoka kwa mlango wa mbele, wazima. Mansi alizimia, akazinduka. Wale wamama wawili wa puri hawakuungua. Mama Shobhana ameungua mkono na sauti imekauka. Badria yuko wodini. Kifua, shingo na mikono yote miwili. Anafungua macho, hajasema neno. Nakaa naye kila jioni, namwambia aniite Afande.

Sasa sikiliza lililobaki. Chuo wameunda kamati, na polisi wamefungua faili. Karatasi iliyopo mezani kwao ni ile yenye sahihi yangu. Nimeambiwa nisitoke Dar es Salaam. Jumatatu ya tarehe ishirini na saba natakiwa kutoa maelezo.

Mzee Awadhi alikuja hapa chumbani. Alikaa kitandani kwa Badria. Amekonda, Mjomba, na sikumchukia. Akasema nieleze kwamba Wahindi walipandisha majiko yao bila ruhusa, mimi nikashindwa kuwazuia. "Wao wana mawakili, hawatadhurika. Wewe utapona, mimi nitapona, tumalize." Nikasema si kweli. Akasema, "Mjomba wako alinipa neno juu yako. Nililichimba kaburi la mke wake. Muulize yeye."

Basi nakuuliza. Mama Shobhana sitamsingizia, hata nikatwe ulimi. Lakini nikisema kweli, nitakuwa nimemtaja Mzee Awadhi: mnyororo, ufunguo, kila kitu. Nitakuwa nimelivunja neno lako mbele ya polisi. Sitafanya hivyo bila wewe. Usiponirudishia neno hilo, Jumatatu nitasema kosa ni langu, nilitia sahihi mwenyewe, na watanifunga.

Siombi ushauri, Mjomba. Naomba unifungulie.

Mpwa wako mtiifu,
Candida


Buguruni
25 Novemba 2023

Mjomba,

Shikamoo. Kondakta ameniapia kwamba barua ulikabidhiwa Jumatano mkononi. Kila basi la Masasi linapoingia nipo pale stendi, natazama mikono yao. Hakuna kitu.

Keshokutwa ndiyo Jumatatu. Nimeelewa.

Mpwa wako,
Candida


Buguruni, mlangoni kwako
Jumapili, 26 Novemba 2023

Mwanangu Candida,

Marahaba, marahaba. Barua yako ya jana mwenye nyumba kanipa hapa hapa, ilikuwa bado haijaondoka. Hukuelewa.

Sikuandika kwa sababu nilikuwa naogopa. Nilikaa na barua yako Jumatano yote, na Alhamisi nikaona kalamu haitoshi. Ijumaa nikatafuta nauli, jana alfajiri nikapanda basi. Sikukwambia, kwa kuwa sikuwa na hakika kama nitafika kwako au nitaishia kwa Awadhi nimelainika.

Nilishuka kabla ya stendi, nikaanzia kwa Awadhi. Nilifika kwake jana jioni, akanipokea kwa machozi, nikanywa chai yake, nikalala kwake. Leo asubuhi nikamwambia: "Mimi nilikwambia Masasi, kwa kinywa changu, juu ya mnyororo. Ukanishika mkono ukacheka." Akaanza kujitetea. Unajua mimi sisikii, na yeye kuandika hapendi. Ikabidi apaze sauti. Alipiga kelele, mwanangu, kwamba ni kweli nilimwambia, kwamba ni kweli ufunguo alikuwa nao, lakini tunyamaze kwa ajili ya lile kaburi. Mimi nilisoma midomo tu. Nyumba nzima ya wapangaji ilitoka uani kusikiliza, na mkewe akakaa chini akajifunika kanga usoni.

Kaburi alilichimba. Sitalisahau mpaka nami nichimbiwe langu. Nilimwambia hivyo, kisha nikamwambia kwamba neno nililompa juu yako nimelichukua, nalirudisha mfukoni kwangu, na yeye asilitaje tena. Aliukataa mkono wangu. Nimetoka pale sina rafiki, na roho inaniuma kama jino.

Nimepita wodini. Muuguzi aliniruhusu. Badria alinitazama, nikamwambia mimi ndiye mjomba wa Candida, yule mkaidi. Midomo yake ilitikisika. Muuguzi akaniandikia kwenye kiganja: anauliza, Afande yuko wapi?

Nenda kamwambie mwenyewe.

Kesho utasema yote. Usinitaje kwa heshima, nitaje kama ilivyokuwa: kwamba uliniambia tangu mwezi wa nane, nikakucheka. Nitakuwa nimekaa pembeni yako. Wakiniuliza, wataniandikia, kujibu naweza, na sauti ninayo.

Mimi nilikufunga, Candida, si Awadhi peke yake. Nisamehe.

Nimekukosa, mwenye nyumba kaniandikia kwamba umekwenda stendi kulitazama basi la Masasi. Nausukuma waraka huu chini ya mlango nisije nikapishana nawe tena. Nina njaa. Niko kwa mama wa chapati pale kona. Kuna watu wengi, lakini utaniona kwa urahisi, nimekaa karibu na mlango.

Mjomba wako,
Ignasi